Mshauri rika alinisikiliza vizuri, kisha akanianika kwenye printa

Niseme mapema kwamba hasira bado haijaisha, kwa hiyo msitarajie hukumu ya haki.

Muhula uliopita sura ya tatu ya tasnifu yangu ilirudishwa kwa mara ya nne, wino mwekundu juu mpaka chini. Usingizi ukaniruka. Mwenzangu akanishauri niende kwa washauri rika: ni wanafunzi wenzetu wa uzamili na uzamivu, hawatozi kitu, na foleni si ndefu kama ya wataalamu.

Na kikao chenyewe, haki ya Mungu, kilikuwa kizuri. Dada yule alianza kwa kunisomea masharti: yanayosemwa humu hayatoki, ila kukiwa na hatari ya mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine. Nikatia saini. Halafu akasikiliza tu. Hakunipa wosia hata mmoja. "Kwa hiyo unaogopa kufungua barua pepe za msimamizi wako," akasema taratibu, nami nikalia. Kulia mbele ya mtu anayejua "masahihisho makubwa" ni kitu gani kuna nafuu yake. Nyumbani wao wananiuliza tu namaliza lini.

Siku kadhaa baadaye niko kwenye printa ya idara, msimamizi wangu yuko nyuma yangu na kikombe chake. Yule dada anapita. Anasimama. Ananishika bega.

"Siku hizi unalala? Na zile barua pepe za msimamizi, umeshazifungua?"

Kwa tabasamu! Kwa upendo kabisa! Printa inatema kurasa, mimi nazihesabu kama karani wa benki. Msimamizi kimya, anakoroga kikombe ambacho nina hakika kilishakorogwa.

Jamani, mshauri akikutana na mteja wake njiani hungoja asalimiwe kwanza. Na hata akisalimiwa, ya chumbani huyaacha chumbani. Kwetu sisi wa uzamivu ndiyo zaidi, maana idara ni kijiji: anayekufuta machozi leo, kesho mmekaa naye semina moja. Fomu yao inauliza mpaka saa ninazopendelea, lakini msimamizi wangu ni nani, hakuna aliyeuliza. Wangeuliza, wasingenipangia mtu wa korido moja na mimi.

Nikamwandikia anayewaongoza. Jibu: "Tunashukuru kwa maoni yako." Basi!

Nilikaa hapa nikitaka kutoa nyota moja na kuwaambia msikanyage. Ila ukweli ni kwamba usiku ule baada ya kikao nililala fofofo mpaka asubuhi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kwa hiyo nendeni, lakini ombeni mtu wa idara nyingine. Mimi sirudi. Labda. Nyota mbili; au tatu, kama hesabu ni ya kile chumba peke yake.

Dada mwenyewe amenitumia ujumbe. Kwenye skrini unaonekana mwanzo tu, "Naomba radhi sana ndugu yangu…" Sijaufungua.