Shokapu za Kayaba na springi za kushusha kwenye IST: kilomita 14,000 za Mtwara

Gari ni Toyota IST NCP60, injini ya 1.3, ya kuvuta mbele tu. Nimeifunga shokapu nne za Kayaba (KYB) aina ya New SR Special, pamoja na springi za kushusha (fupi, za kulifanya gari likae chini) za Kijapani zilizoandikwa mm 30 mbele na nyuma. Zimeshatembea kilomita 14,000, nyingi kati ya Mtwara mjini, Mikindani, Mingoyo na Masasi, na nyingine kwenye vumbi la kupandia Newala. Kwa mwenye haraka: shokapu nazipa tisa kwa kumi, springi saba, na maunti (vishikizo vya juu vya shokapu za mbele) za bei poa nilizoanza nazo nazipa sifuri.

Najua huku kwetu IST hupandishwa kwa spesa (vipande vinavyowekwa kwenye springi ili gari likae juu), haishushwi. Spesa zina shida zake. Gari linakaa juu, upepo wa pwani unalisukuma, na kwenye kona linalala upande mmoja kama jahazi. Kama safari zako ni za lami zaidi kuliko za shamba, sentimita 3 za kushuka unaweza kuishi nazo. Sentimita 5 huwezi, tuta la kwanza litakwambia.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni mpangilio wa pesa. Hela yote inaishia kwenye springi kwa kuwa ndizo zinazobadilisha mwonekano, halafu shokapu za zamani zinarudishwa zilivyo. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shokapu ndiyo inayotuliza mdundo. Springi ya kushusha lazima iwe ngumu kuliko ya kiwandani, kwa sababu nafasi ya kushuka imepungua na gari lisipozuiwa mapema litapiga mpira, yaani kile kizuizi cha mwisho kwenye fimbo ya shokapu. Ugumu huo maana yake springi inarudi juu kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyochoka haiwezi kuishika. Matokeo yake gari linadunda mara mbili au tatu baada ya kila tuta, na ndani ya miezi michache sili imepasuka na mafuta yanachuruzika kwenye fimbo.

Ndiyo maana sikuchukua Kayaba Excel-G, ingawa ni shokapu nzuri na inapatikana kirahisi. Excel-G imetengenezwa kurudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani. Kwa kimo cha kawaida ningeifunga bila kuwaza mara mbili. New SR Special ina nguvu zaidi ya kuzuia na imekusudiwa kuendana hata na springi fupi. Bilstein nao wana mgawanyo unaofanana na huo: B6 ni ya kimo cha kawaida, B8 ni fupi kwa ajili ya gari lililoshushwa. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu bosi", muombe namba ya bidhaa uisome mwenyewe.

Namba hiyo ilinganishe na namba ya modeli ya gari (kama NCP60) kwenye kibati, si na jina "IST" peke yake. NCP65 inavuta kwa matairi yote manne na nyuma yake haifanani na NCP60. Shokapu za mbele zina kushoto na kulia, tofauti ikiwa kwenye kishikizo cha paipu ya breki na waya wa ABS. Kwa gari ambalo linki ya stabilaiza (kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) inafungwa kwenye shokapu yenyewe, hakikisha sikio lake lipo na limekaa upande sahihi. Mzigo wangu ulitoka Gerezani, Kariakoo, ukaja kwa basi. Kurudisha kitu kisichofaa kutoka huku ni kupoteza wiki nzima, kwa hiyo omba picha ya lebo kabla ya kulipa.

Zikifika, zisimamishe wima na uzisukume mpaka chini mara tano au sita. Zikisafirishwa zimelala, hewa au gesi hujipenyeza kwenye mafuta, na shokapu inakuwa na sehemu tupu ambayo fimbo inapita bila upinzani. Baada ya hapo ziachie zote mbili za mbele kwa pamoja. Ya gesi inapanda yenyewe, taratibu, na pea nzima inapaswa kupanda kwa mwendo mmoja. Moja ikibaki nyuma au ikikwama katikati, usifunge.

Kuhusu kukata springi, kwa sababu fundi lazima atakushauri: "Bosi, tukate koili moja tu, utabakiwa na hela." Hesabu yake haiko hivyo. Ugumu wa springi unaongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua. Springi yenye mizunguko 5 ukiikata mmoja inakuwa ngumu kwa robo nzima, na ncha yake haikai tena kwenye kikombe, yaani kiti chake. Ikikatwa kwa moto wa gesi ni mbaya zaidi, kwa maana joto huua ugumu wa chuma pale karibu na ncha, na hapohapo ndipo itakapovunjika. Halafu kuna lile wasiloliona mpaka gari liwe juu ya jeki: springi iliyokatwa inalegea tairi likining'inia. Ukiruka shimo inahama kwenye kiti chake na kurudi kwa kishindo. Springi ya kushusha iliyo halali, hata tairi likining'inia kabisa, bado imebanwa kidogo. Jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, haifai.

Kufunga kunachukua saa 4 hadi 5 kwa fundi asiyekimbizana. Nyuma ni kazi nyepesi, maana kwenye NCP60 springi na shokapu zimetenganishwa: unaweka jeki chini ya eksoli, unafungua bolti za chini za shokapu, unashusha eksoli polepole huku ukiangalia paipu za breki zisivutike, springi inatoka kwa mkono. Mbele ndiko kwenye hatari. Nati ya katikati ya maunti ndiyo inayoshikilia springi iliyobanwa, na ikilegezwa kabla ya kufunga vibanio viwili, kimoja kila upande, springi inaruka na inaweza kuua mtu. Vibanio vikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Fimbo isishikwe kwa koleo hata siku moja. Mkwaruzo mdogo kwenye ile kromu utakata sili kila fimbo inapopita. Shikilia kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye kichwa cha fimbo, na mashine ya upepo ya kufungulia nati iweke pembeni.

Kingine kinachorukwa na karibu mafundi wote ni bushi, zile mpira za kwenye maungio. Bolti za bushi za eksoli ya nyuma na za amu za chini, kama zimelegezwa, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza tairi likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote na unachanika mapema. Watu wanalaumu bushi feki, kumbe ni ukazaji.

Maunti sasa. Nilifunga mpya za bei poa, zisizo na jina la kueleweka, nikaona nimeokoa pesa. Kwa kilomita 3,000 bearingi ya kushoto ilianza kukoroma usukani ukizungushwa gari limesimama, kisha springi ikawa inajisokota na kuachia kwa mlio wa "tong!". Kuibadilisha maana yake ni kufungua tena kila kitu. Ukifungua shokapu za mbele, nunua maunti nzuri, ule mpira wa kizuizi na kava la vumbi kwa pamoja. Mchanga wa Newala ni laini kama unga, na kava likichanika unakaa kwenye fimbo na kusaga sili.

Kimo kipime kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda, usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Mbele ilishuka mm 27 siku ya kwanza na mm 32 baada ya wiki mbili. Nyuma ilibaki mm 25, chini ya ilivyoandikwa, na hapo ndipo springi zilipopoteza alama. Alaimenti (kunyoosha matairi) subiri mpaka springi zikae. Gari la namna hii likishuka, matairi ya mbele yanalalia ndani kidogo na mwelekeo wake unabadilika. Mwelekeo ndio unaokula tairi. Kama mashine iko mbali, kamba mbili zilizonyooka pembeni ya gari zinatosha kwa muda: pima mbele na nyuma ya rimu, tofauti isizidi mm 2. Usijisahau ukasubiri tairi lianze kulia.

Ili kujua kama gari linapiga mpira, funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, chini ya kava, isukume mpaka kwenye mwili wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kawaida. Itapandishwa mpaka pale gari lilipofika. Nikiwa peke yangu, kwa lami ya Mtwara hadi Mingoyo, ilibaki nafasi ya mm 15 kabla ya mpira. Nikiwa na abiria wanne, mpira uliguswa kwenye matuta ya vijijini. Kwa mwendo, kona zimetulia na breki haziinamishi tena pua. Mashimo madogo unayasikia zaidi, usidanganywe na anayesema hayasikiki. Pale malori yalipobonyeza lami, chini kunasugua ukifuata mifereji yao, kwa hiyo kaa kando yake.

Chumvi ya baharini inaingia kwenye rangi ya springi iliyochubuka. Koili ya chini kabisa, inayokalia mchanga na maji kwenye kikombe, ndiyo inayooza kwanza. Nilipaka rangi ya chuma hapo kabla ya kufunga na huwa naosha kwa maji baridi kila nikitoka Mikindani.

Springi za kiwandani za nyuma sikuziuza. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, magunia mawili kwenye buti yanatosha kulaza gari juu ya mipira, basi narudisha zile ndefu nyuma tu. Ni kazi ya saa moja. Shokapu za New SR zinazikubali bila shida, na pua ikiwa chini kidogo kuliko mkia hakuna anayeuliza.