Famasi ndogo iliyoninyima sirapu: uzoefu wangu wa miaka saba

Mama yangu alikohoa miezi minne. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina homa, ila usiku ndo kinazidi, anakaa kitandani anakohoa mpaka machozi yanamtoka na nyumba nzima hatulali. Nikawa kila nikitoka kazini napita famasi nachukua sirapu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara nabadilisha aina nikidhani ile iliyopita haina nguvu. Mara ya nne nimefika kaunta nimeshatoa hela kabisa, mama mfamasia mwenye duka akaichukua ile chupa akairudisha kwenye shelfu. Akaniuliza, hii ni ya nani? Nikamwambia ya mama. Mama anatumia dawa gani zingine? Nikasema za presha tu. Akaniuliza tena, za presha alianza lini, na kikohozi kimeanza lini?

Nikabaki nahesabu kwa vidole. Dawa ya presha ilitangulia kama wiki tatu hivi.

Akaniambia, mwanangu hii sikuuzii, niletee kwanza boksi la dawa anayomeza. Kesho yake nikapeleka, ilikuwa enalapril. Akanikalisha akanieleza taratibu kwamba hizi dawa za presha ambazo majina yake yanaishia na "pril" zinafanya kazi vizuri sana ila kwa baadhi ya watu zinaleta kikohozi kikavu kisichosikia sirapu yoyote, kwa sababu kuna kitu mwilini kinaitwa bradikinini ambacho kwa kawaida kinavunjwavunjwa, sasa dawa ikizuia kile kimeng'enya kinachokivunja basi kinajikusanya na kinawasha njia ya hewa. Yaani ukinywesha sirapu hata ndoo nzima kikohozi kipo palepale. Akampigia simu daktari aliyemwandikia mama dawa, mimi nipo nasikia, wakaongea kama dakika tano, akaniandikia na karatasi ya kwenda nayo. Akasisitiza mama asiache dawa ya presha hata siku moja kwa kuogopa kikohozi, aendelee nayo mpaka abadilishiwe. Daktari akambadilishia akampa losartan. Wiki ya tatu mama alilala usiku mzima, na sisi tukalala.

Hapo sikulipa hata senti, si ya maelezo, si ya simu. Na siku ile hakuniuzia kitu chochote.

Sasa nisiseme uongo, zile chupa tatu za mwanzo niliuziwa palepale na kijana msaidizi, mwenye duka mwenyewe hayupo, na yule kijana hakuniuliza swali hata moja, anapokea hela anatoa dawa. Hilo nalihesabu ni kosa na nilimwambia mwenye duka hivohivo. Ila kilichotuokoa ni kwamba pale kila dawa ikitoka inaandikwa kwenye daftari kubwa, jina, tarehe, dawa, na yule mama kila asubuhi kabla hajafungua anapitia kurasa za jana. Ndo alivoona jina langu na sirapu, jina langu na sirapu, jina langu na sirapu. Siku hizi wameweka na kompyuta lakini daftari lipo bado, na kila mgonjwa wa dawa za kudumu ana kadi yake kwenye droo.

Kuanzia siku ile niliacha kununua dawa hovyohovyo. Zamani nlikuwa nanunua popote miguu inaponifikisha, za presha huku, za maumivu kule, vitamini sijui wapi. Kumbe kila duka linaona kipande tu, hakuna anayeona picha yote. Mwaka juzi mama magoti yalimsumbua, akapewa vidonge vya diklofenaki kwenye duka kubwa la mjini ambako hatujulikani na hakuna aliyemuuliza kama ana presha. Akameza siku tisa. Tulivoenda famasi yetu kuchukua losartan ya mwezi pamoja na ile dawa yake ya kukojoza aliyokuja kuongezewa baadaye, wakampima presha kama kawaida, ikasoma 168 kwa 102 wakati mwezi uliopita ilikuwa 136 kwa 84. Yule mama hakukurupuka kusema dawa zimegoma. Aliuliza tu, mama umeongeza kitu gani kipya? Mama akafungua pochi akatoa kipakti.

Tukaambiwa diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote zinashikilia maji na chumvi mwilini, presha inapanda, na mbaya zaidi ukizichanganya na dawa ya presha ya aina ile pamoja na dawa ya kukojoza, zote tatu kwa pamoja, figo ndo zinaumia, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa na hasa kama hanywi maji ya kutosha. Akazisimamisha zile za maumivu palepale, akampa parasetamoli akamwandikia na kiwango kwenye boksi kwa peni nene, asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na asichanganye na dawa za mafua kwa sababu nyingi zina parasetamoli humohumo ndani, mtu anajikuta amemeza mara mbili bila kujua na ini linaumia. Akatutuma tukapime figo siku ileile. Majibu yalikuwa mazuri, Mungu mkubwa. Wiki mbili baadaye presha ikarudi 140 kwa 86.

Halafu kile kipimo chenyewe cha presha wanavokifanya pale mimi sijakiona sehemu nyingine. Kwanza unakaa kwenye kiti dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini usiikunje, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Ukianza kupiga stori anakunyamazisha. Mwanzo nlikuwa naona wanatuchelewesha, mtu una haraka zako, ila ameshatuelewesha kwamba ukipimwa umetoka kutembea au huku unaongea namba inapanda ya uongo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji.

Kwa wenye watoto wadogo. Mwanangu akipata mafua nlikuwa nakimbilia antibayotiki, nimezoea hivo tangu utoto wangu. Pale bila cheti cha daktari hupati, hata ubembeleze vipi, na mimi nimebembeleza kweli kweli mpaka nikakasirika nikatoka. Nilirudi kesho yake kuomba radhi. Akaniambia mafua ni virusi na amoksilini haiui virusi hata kimoja, inachofanya ni kuwafundisha bakteria waliomo mwilini kuizoea, sasa siku mtoto akiugua ugonjwa wa bakteria kweli dawa inaweza isifanye kazi. Akanipa maji ya chumvi ya matone ya pua na akaniambia dalili za kuniharakisha hospitali, mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani, akigoma kunyonya au kunywa, au akiwa mlegevu. Nimezibandika ukutani jikoni.

Na siku mtoto alipoandikiwa antibayotiki kihalali na daktari, ile sirapu ya unga waliichanganya mbele yangu, maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa siyo juu wala chini, wakatikisa, wakaandika tarehe ya kuchanganywa na tarehe ya kumwaga kitakachobaki, maana ikishapata maji haikai ile miaka iliyoandikwa kwenye boksi, inakaa siku chache tu, kila aina na maelekezo yake. Wakanipa na kile kibomba cha plastiki cha kupimia mililita 5. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba kidogo kingine kinazidi, na mtoto wa kilo 9 ukimzidishia au kumpunguzia kila mara siyo jambo dogo.

Lakini kinachonifanya niipende ile famasi kutoka moyoni ni namna inavowajua watu. Kuna mzee mmoja jirani, anaishi peke yake, anachukua insulini na vidonge vya presha kila mwezi. Mwezi mmoja tarehe yake ikapita siku nne hajatokea. Kwenye duka lingine hiyo ni mauzo yaliyopungua tu, nani atajali. Pale mwenye duka alimpigia simu, haikupokelewa, akapiga kwa jirani yake ambaye namba yake ipo kwenye kadi kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, wakaenda kumgongea. Mzee yupo, ila alikuwa anajipunguzia dozi, leo anachoma kesho anaruka, ili kichupa kimfikishe mwezi unaofuata kwa sababu hela ilikuwa imekata na aliona aibu kusema. Sukari imeshaanza kupanda. Wakampa insulini ya wiki mbili kwa mkopo, wakaongea na daktari wake na vidonge vyake vya presha vikabadilishwa kuwa vya kampuni nyingine, dawa ileile nguvu ileile bei nafuu, na tangu hapo kijana wa duka anampelekea kwa baiskeli. Mzee alilipa deni lake lote mwenyewe, ananiambia hakuna siku walimkumbushia mbele za watu.

Yaani nikifikiria hii habari huwa nanyamaza kidogo. Mzee angeweza kufa kimyakimya ndani kwake.

Friji la insulini nalo nimelishuhudia. Lina kipimajoto ndani na karatasi mlangoni, asubuhi na jioni wanaandika namba, inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Siku umeme ulikatika kutwa nzima, yule mama alihamisha zote kwenye kasha la barafu, akaweka kitambaa kati ya barafu na dawa kwa sababu insulini ikiganda hata mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi haifai tena. Mtu anayeficha kosa angeirudisha tu kwenye friji, nani angejua? Hii ndo sababu siangalii sana nani anauza rahisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya bidhaa 10 za tiba moja ni feki au iko chini ya kiwango. Mimi kwa macho siwezi kutofautisha kidonge kizima na kibovu, hakuna mteja anayeweza, kwa hiyo nanunua uaminifu wa mwenye duka anayezinunua kabla yangu, nataka nijue anatoa wapi, anahifadhi vipi na anaandika nini.

Mapungufu yapo na nayasema wazi kwa sababu nataka wadumu. Dawa zisizo za kawaida hawaweki, unaagiziwa na unasubiri siku moja mbili, kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho ndo uende, nenda ukiwa na akiba ya wiki. Foleni ya asubuhi inachosha sababu kila mtu anaelezwa. Sabuni, mafuta na vitu vya watoto bei yao iko juu kuliko maduka makubwa, hivo mimi nanunua kwingine bila kinyongo. Kijana msaidizi ameimarika sana, siku hizi anauliza, ila mwenye duka asipokuwepo mimi kwa dawa mpya huwa nasubiri arudi.

Na faragha. Kaunta ilikuwa moja tu, kila mtu anasikia, siku moja dada wa watu alikuja kuuliza kuhusu uzazi wa mpango na nyuma yake wamesimama watu wanne wanaomjua mpaka wifi yake, akaishia kununua panadol akaondoka. Iliniuma. Kwenye mji mdogo kule kujuana kunakookoa mzee ndo huohuo kunakomfunga mdomo binti. Nilimpelekea yule mama hoja hii, nilijua atakasirika, ila alikaa kimya muda halafu akasema ni kweli. Baada ya wiki kama tatu aliondoa shelfu la pembeni akaweka pazia na viti viwili, na kwenye ukuta kibao kwamba ukitaka kuongea faragha sema tu "nataka kiti", hakuna atakayekuuliza sababu. Nimeona watu wengi wanakitumia, wanaume pia.

Duka la kampuni kubwa limefunguliwa karibu na stendi, lina programu ya simu na pointi, na jirani zangu wengi wamehamia huko. Siwalaumu. Ninachowaomba ni kitu kimoja, hata kama sabuni na losheni mtachukulia kule, dawa za kila mwezi ziweke sehemu moja ambapo kuna mtu anaziona zote kwa pamoja, na ukienda mara ya kwanza beba maboksi yote uliyonayo ndani, hata ya dawa za mitishamba na vitamini, yamwage kaunta akupangie.

Nawapa nyota nne na nusu. Nusu nimeizuia kwa ajili ya usiku, wanafunga saa mbili na Jumapili hawafungui kabisa, na homa ya mtoto haichagui siku. Nimeshawaambia, wamesema wanatafuta mfamasia wa pili. Akipatikana nitarudi hapa kurekebisha.