Ruzuku ya safari au kujitolea: njia mbili za mwanafunzi kufika kwenye mkutano wa kompyuta

Mwanafunzi anayetaka kuhudhuria mkutano wa utafiti wa kompyuta bila fedha zake mwenyewe ana milango miwili mikuu: kuomba ruzuku ya safari, au kujitolea kufanya kazi mkutanoni.

Ruzuku hubeba mzigo mzito zaidi: nauli, malazi, wakati mwingine na ada ya kujiandikisha. Kamati ya PAC ya SIGPLAN, kikundi cha watafiti wa lugha za programu ndani ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, kwa mfano, huwasaidia wanafunzi wa fani hiyo. Tatizo ni kwamba fedha nyingi za aina hii hurudishwa baada ya safari, kwa risiti. Asiye na akiba anapewa msaada asioweza kuufikia, na hili linaniuma, kwa sababu ndiye hasa aliyelengwa. Kabla ya kuomba, uliza kama tiketi inaweza kununuliwa moja kwa moja kwa niaba yako. Uliza bila haya.

Kujitolea hakuhitaji makala yako ya utafiti iwe imekubaliwa mkutanoni. Unafanya kazi saa kadhaa, kwenye CHI, mkutano wa utafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, takriban 20, ukisimamia milango ya kumbi na kuwasaidia wasemaji, nawe unasamehewa ada. Nauli kwa kawaida inabaki juu yako. Ila unafahamiana na watu haraka kuliko anayekaa kitini tu.

Anayetoka mbali aanze na ruzuku, na aombe barua ya mwaliko mara tu apatapo jibu, maana viza huchelewa. Aliye karibu na mji wa mkutano ajitolee.