Zana za usimamizi wa makundi ya Telegram: tathmini ya msimamizi

Kundi la Telegram linaweza kubeba hadi watu 200,000, lakini yeyote aliyewahi kusimamia hata watu 300 anajua kwamba mazungumzo hayaharibiwi na matusi peke yake, bali pia na watu wawili wanaojibizana kwa kasi hadi wengine wakakosa pa kupenyeza neno. Ndiyo maana zana iliyonifaa kuliko zote ni ile ya kupunguza kasi, iliyoingizwa mwaka 2019: mwanachama akishatuma ujumbe, kitufe cha kutuma hugeuka kuwa hesabu ya sekunde zinazopungua, naye hulazimika kusubiri muda uliowekwa na msimamizi, ambao unaweza kufika saa nzima. Nimeona hasira ikipoa katika dakika 5 za kusubiri. Aliyekuja na shutuma akarudi na swali.

Kumbukumbu ya matendo ya wasimamizi nayo ina manufaa, kwani huonyesha nani alifuta nini na nani alimfungia nani, ingawa hurudi nyuma saa 48 tu, muda usiomtosha mwanachama aliyeondolewa Ijumaa akakata rufaa Jumatatu. Ujumbe wa kanuni uliobandikwa juu siupi alama nyingi, kwa sababu husomwa na wachache, tena mara nyingi wale wasiouhitaji. Nikifuta ujumbe wa mtu, huandika mwenyewe mstari mmoja wa sababu mbele ya wote, maana kitufe cha kufuta hakinipi nafasi ya kuieleza.