Redio ya Android kwenye Premio: redio ni nzuri, ufungaji ndio ulionisumbua

Redio yenyewe naipa sifa zake zote. Kazi ya kuifunga siwezi kuisifu hata kidogo. Nasikia watu wengi hapa Kampala wakilaumu redio za Kichina kwa makosa ya waya, ndiyo maana nimeamua kueleza niliyoyapitia kwa urefu.

Gari langu ni Toyota Premio, limetoka Japani kama mengi yanayojaa barabara zetu. Redio iliyokuja nayo ilikuwa nzima, ila hapa Uganda haikuwa na faida kubwa. Redio za Japani za wakati ule zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. CBS ya 88.8 unaipata, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 huzisikii kabisa. Kuna kile kidude cha kushusha masafa ambacho wengi hufungiwa, lakini kikishafungwa namba unayoisoma kwenye redio siyo ya stesheni unayoisikiliza. Mimi nilitaka skrini, ramani, simu kwa Bluetooth na kamera ya kurudi nyuma. Nikanunua Android ya inchi 9 pamoja na fremu ya Premio, pale karibu na soko la Kisekka.

Kwenye kisanduku mlikuwa na mkia wa waya wenye soketi mbili za Toyota, ile ya pini 10 na ile ya pini 6. Unachomeka kwenye soketi za gari, basi, hakuna haja ya kukata chochote. Fundi niliyepelekewa na muuzaji hakuutumia. Alikata soketi za gari, akasokota waya kwa vidole, akazungushia tepu nyeusi, akarudisha fremu. Muziki ukalia, nikalipa.

Shida ya kwanza ilikuwa betri. Gari likilala usiku mmoja linawaka kwa tabu. Likiegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi halina hata nguvu ya kufungua milango kwa rimoti. Premio yangu ni otomatiki, huwezi kuiwasha kwa kuisukuma, kwa hiyo kila mara ni kuomba waya wa betri kwa jirani. Pale pale mtu atakwambia ununue betri mpya. Usinunue kabla hujapima.

Ya pili ilinitisha zaidi. Nikiwa barabara ya Bombo usiku, taa za dashibodi zikazimika ghafla, na dereva aliyekuwa nyuma yangu akanipigia honi akinionyesha kwamba taa zangu nyekundu za nyuma haziwaki. Taa kubwa za mbele zilikuwepo. Fikiria kwenda Arua kwa gari la namna hiyo, ukipita Kafu na Karuma gizani, huku malori yako mgongoni na hayakuoni! Nikabadilisha fyuzi iliyoandikwa TAIL, ikashika kwa muda, ikakatika tena kwenye shimo la kwanza la barabara.

Tena kulikuwa na mlio mwembamba kwenye spika, unaopanda unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia. Na FM, ambayo ndiyo sababu ya gharama yote hii, ilikuwa dhaifu: ukitoka mjini kidogo, stesheni zinakwaruza.

Binamu yangu akanipeleka Ndeeba kwa mzee mmoja, Mnubi wa Bombo, anayeshughulika na umeme wa magari tu. Huyu ndiye ninayempa nyota zote. Hakuanza kubomoa. Aliniuliza, "Mwanangu, ukitoa ufunguo, redio inazima yenyewe?" Nikamwambia hapana, naizima kwa kitufe. Akatikisa kichwa, akachukua mita.

Namna alivyopima inafaa kila mwenye gari aijue. Alizima kila kitu, akafunga milango, boneti akaiacha wazi. Akaweka mita kwenye ampea 10 na kuhamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la ampea. Kisha akafungua kichwa cha hasi cha betri na kuiweka mita katikati, kati ya betri na waya wake, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Akasubiri, kwa sababu kompyuta za gari huchukua muda kulala. Mtu asithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo, ataiunguza. Namba ikatulia kwenye 0.4. Gari lililolala linatakiwa liwe chini ya 0.05, yaani miliampea 50. Piga hesabu mwenyewe: ampea 0.4 kwa saa 60 za kutoka Ijumaa usiku mpaka Jumatatu ni ampea-saa 24, na betri yangu nzima ni ya 45. Zaidi ya nusu inaondoka gari likiwa limesimama. Akachomoa fyuzi ya DOME, ile inayolisha taa ya darini na umeme wa kudumu wa redio. Namba ikaanguka mpaka 0.02. Mwizi akawa amejulikana kabla dashibodi haijaguswa.

Ndipo akatoa fremu kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisibisi, na plastiki yangu haina mkwaruzo mpaka leo. Nyuma ya redio nilijionea mwenyewe. Gundi ya tepu ilikuwa imelainika kwa joto, tepu zimeteleza, nyuzi za shaba ziko nje. Mzee akauliza, bila kumtazama mtu, "Nani aliyekata soketi za Mjapani?"

Waya mwekundu na wa njano wa redio vilikuwa vimesokotwa pamoja kwenye waya mmoja wa gari, ule wa buluu wenye mstari wa njano. Kwenye Toyota huo ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Wa njano wa redio ndiyo mahali pake, kwa ajili ya kutunza saa na stesheni. Wa mwekundu unapaswa kwenda kwenye waya wa kijivu wa gari, unaopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, ile hatua ya redio kabla injini haijawashwa. Ukiuweka kwenye umeme wa kudumu, redio haijui kwamba umetoa ufunguo. Unaizima kwa kitufe, skrini inakuwa nyeusi, ndani inaendelea kula betri. Wapo wengine ambao waya hizo mbili zimepishanishwa, na dalili yao ni tofauti: betri iko salama, lakini kila ukiwasha gari redio imesahau stesheni na saa.

Taa za nyuma chanzo chake kilikuwa waya wa kijani wa gari. Huo unapeleka habari kwa redio kwamba taa zimewashwa ili skrini ipunguze mwanga, na umeme wake unatoka kwenye fyuzi hiyo hiyo ya TAIL. Ulikatwa, ukaachwa na kitepu kidogo, ukawa unagusa bati la kushikilia redio. Gari likiruka kwenye shimo, waya unagusa bati, fyuzi inakatika, na taa za nyuma zinaondoka nayo. Wanaoongeza fyuzi kubwa zaidi hapo wanahatarisha maisha, kwa kuwa safari nyingine kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi.

Mlio wa spika ulitokana na erthi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Waya mweusi wa redio ulifungwa kwenye skrubu iliyokaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Waya wa kahawia, ambao ndio erthi ya Toyota, ulikuwa unaning'inia tu. Mzee alipourudisha kazini mlio ulipungua sana. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaongeza erthi ya pili hapo, ukaisha kabisa. Na FM? Waya wa buluu wa redio, unaopeleka umeme kwenye kiongeza nguvu cha antena, haukuunganishwa kokote.

Soketi zilizokatwa alizirudisha kwa kuchomelea risasi, kila waya na mpira wake wa kubana kwa moto, kisha akachomeka ule mkia uliokuwa umelala kwenye kisanduku tangu siku ya kwanza. Nilimwona anaukwepa mkungu mmoja wa waya wenye soketi ya njano. Ni wa mifuko ya hewa, akasema, haupimwi kwa taa ya testa hata kwa bahati mbaya. Tulipopima upya, gari limelala kwenye 0.03. Injini ikiunguruma betri inasoma volti 14.1, maana yake altaneta, ile inayochaji betri, haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ukifungiwa redio, usiondoke dukani kwa sababu umesikia muziki. Toa ufunguo uone kama inazima yenyewe. Washa taa za gari, zunguka nyuma uzitazame. Kanyaga mafuta gari likiwa limesimama, sauti ikiwa chini, usikilize. Na kabla ya yote, mwambie fundi hutaki soketi ya gari ikatwe. Kama redio haikuja na mkia wa Toyota, nunua. Ni bei ndogo ukilinganisha na fyuzi, betri na usiku wa kulala njiani.

Redio sasa. Sauti ni safi kuliko ile ya zamani, ramani inafunguka haraka, na kamera ya nyuma inaingia mara tu unapoweka rivasi, jambo linalonisaidia sana kwenye maegesho yaliyobanana ya mjini. Simba inashika vizuri hata nikivuka Luwero. Nisichokipenda ni skrini saa za mchana: jua likiipiga moja kwa moja husomi kitu. Maikrofoni ya ndani nayo ni dhaifu, nikipigiwa simu mama analalamika hanisikii. Mzee amesema kuna tundu la maikrofoni ya nje nyuma ya redio, na ataipitisha kwenye nguzo ya kioo bila kukata waya wowote. Nimeshanunua hiyo maikrofoni, nampelekea wiki hii.