Kozi ya geji za ndege: jairo wamefundisha vizuri, hewa wamefundisha hatari

Naipa nyota tatu, ingawa mkono unasita. Kozi hii ya video kwa marubani wanafunzi inafundisha geji sita za msingi za dashibodi, tatu za hewa (zinazopima presha) na tatu za jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi), na mwalimu wake ana ulimi wa kueleweka. Ugomvi wangu ni swali moja tu la majaribio. Moja! Lakini ni la aina ambayo ukilikosea angani hakuna wa kukusahihishia.

Swali lenyewe: tundu la hewa tulivu, yaani kitundu cha kupokea presha ya hewa ya nje isiyosukumwa na mwendo wa ndege, limeziba, ndege inashuka, geji ya kasi itasomaje? Jibu lao eti mshale unaganda palepale. Nilichagua "itasoma zaidi ya kasi halisi", nikawekewa alama nyekundu. Video nayo inarudia uongo huohuo: tundu linaziba, geji zote tatu zinazolitegemea zinaganda kwa pamoja kama zimepigwa picha. Aliyechora katuni ile alichukua tabia ya altimita, geji ya kimo, akaibandika kwenye geji ya kasi, basi.

Altimita kweli inaganda. Geji ya kupanda na kushuka nayo inarudi sifuri. Hizo mbili zinaishi kwa hewa tulivu peke yake. Geji ya kasi ina njia mbili: hewa inayosukumwa na mwendo huingia kwa mrija wa pito hadi ndani ya kifuko chembamba cha chuma, na hewa tulivu hujaza kasha linalokizunguka kifuko hicho. Mshale unaonyesha tofauti ya presha kati ya ndani na nje ya kifuko. Tundu likiziba, kasha linabaki na presha ya kule juu lilikozibia, huku pito ikiendelea kuleta hewa yenye presha kubwa zaidi kadiri ndege inavyoshuka. Kifuko kinavimba, mshale unapanda, na ndege haijaongeza mwendo hata kidogo.

Wala si tofauti ya kupuuza. Karibu na usawa wa bahari, kila ukishuka futi 27 hivi presha ya hewa inaongezeka kwa hektopaskali moja (kipimo cha presha), na kwa kasi ya noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, presha inayoletwa na mwendo ni kama hektopaskali 16 tu. Shuka futi 300 na tundu limeziba: unaongeza kama hektopaskali 11 za bandia, na mshale unasoma karibu noti 130. Panda futi 300 badala yake, utasoma chini ya 60. Sasa mweke mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mshale "unaganda" kwenye hatua za mwisho za kutua. Anaona 130, anapunguza nguvu ya injini, anainua pua. Kasi halisi inaporomoka, mabawa yanashindwa kuibeba ndege, na ardhi iko pale chini.

Hesabu hiyo yote niliiandikia huduma kwa wateja, hatua kwa hatua. Jibu likaja: "Wanafunzi wengine hawajalalamika. Tafadhali rudia kutazama somo." Nirudie kutazama kosa lenyewe! Hilo ni jibu la kumpa mtu anayelalamikia sauti ya video. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú namba 603, Boeing 757, ilipaa kutoka Lima ikiwa na tepu juu ya matundu hayohayo, iliyoachwa baada ya kusafishwa. Watu wote 70 walikufa. Somo kama hili halistahili kujibiwa kwa dharau.

Haki yao niwape. Pito ikiziba pamoja na kitundu chake cha kutolea maji, geji ya kasi inageuka altimita: ukipanda inasoma zaidi, ukishuka inasoma pungufu. Hilo wamelieleza barabara. Masomo ya jairo ndiyo bora kabisa. Wanakufundisha kulinganisha geji ya mwelekeo na dira kila baada ya dakika 15 hivi, ndege ikiwa imenyooka na kasi haibadiliki, kwa kuwa dira hudanganya kwenye kona na wakati wa kuongeza kasi. Wanaonyesha pia pampu ya kuvuta hewa, inayozungusha jairo, inapokufa: upeo bandia, geji ya mkao wa ndege, haufi ghafla, unalala upande polepole bila kengele yoyote, kwa hiyo unaulinganisha na geji ya kona, ambayo kwa kawaida hutumia umeme. Masomo hayo peke yake ningeyapa nyota tano, na kuna wakati nilifikiri nimewaonea.

Kisha nikafika somo la dharura. Tundu limeziba, wanasema, vunja kioo cha geji ya kupanda na kushuka ili hewa ya kabini iingie. Wee! Ndege nyingi ndogo zina kikonyo cha hewa ya akiba chini ya dashibodi, cha kuzipa geji hizo hewa ya kabini badala ya ile ya tundu, na hicho ndicho cha kwanza kuvuta. Hawakitaji kabisa. Hawasemi kwamba presha ndani ya kabini huwa ndogo kidogo kuliko ya nje, hivyo baada ya kukivuta altimita na geji ya kasi kwa kawaida husoma juu kidogo. Wala hawasemi kwamba geji iliyovunjwa kioo inaweza kusoma kinyume, ikuambie unapanda nawe unashuka.

Nyota tatu nazifuta. Iwe moja, ya jairo. Aliyekwisha jiunga aruke masomo ya hewa, afungue kitabu cha ndege anayorusha, atafute kikonyo hicho kiko wapi, madirisha na matundu ya hewa yawe vipi anapokivuta, na jedwali la masahihisho ya kasi. Na akiona mshale wa kasi unapanda wakati nguvu ya injini na mkao wa pua havijabadilika, aamini injini na pua.