Kahawa ya Supamaketi na Kahawa Iliyokaangwa Karibuni
Mkazi wa Moshi anayetaka kupika kahawa nyumbani anaweza kuchukua pakiti kwenye rafu ya supamaketi, ambayo mara nyingi huonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi bila kutaja siku ya kukaangwa, au kununua kwa mkaangaji anayeweza kumweleza siku hiyo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Buni ikishakaangwa huanza kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kadiri oksijeni inavyoifikia ndivyo harufu na ladha yake zinavyofifia; kwa hiyo iliyokaangwa juzi huachwa itulie siku chache, kisha hunyweka vizuri zaidi katika wiki chache zinazofuata, hasa ikisagwa muda mfupi kabla ya kupikwa. Pakiti ya supamaketi hupatikana kwa urahisi, nayo huwatosha wanaotia maziwa na sukari nyingi. Lakini kwa kahawa ya aina ya arabika kutoka miteremko ya Kilimanjaro, yenye uchachu mwororo ambao nasikitika kwamba wengi waliozaliwa chini ya mlima huu hawajauonja, mimi ningenunua robo kilo tu iliyokaangwa karibuni, na kuihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na jua na joto la jiko.